Mbona Maua Yamebadilika Rangi?

Mama hununua mwaridi wa maua ya manjano, akautunza vizuri, na baada ya miaka miwili au mitatu ukajaa maua mekundu. Wengi hudhani muuzaji aliwadanganya, wakaung'oa. Tunawaomba kina mama wachunguze kwanza, kwa kuwa mimea hubadili rangi kwa sababu mbalimbali, na nyingi hazina madhara.

Chukua lantana, inayoota hata kando ya barabara. Aina yake ya kawaida hufungua maua ya manjano, nayo kadiri yanavyozeeka hugeuka kuwa ya rangi ya machungwa, nyekundu au waridi. Ua la manjano ndilo lenye maji matamu. Likishachavushwa, hutengeneza rangi nyingine, na vipepeo hujifunza kulipita. Basi kwa nini lisianguke tu? Kwa sababu kishada kikubwa huonekana kutoka mbali. Bibi hapiki tena, lakini akikaa barazani wageni wanajua nyumba ina watu! (Wenye watoto wadogo wawe macho: matunda mabichi ya lantana yana sumu.)

Ule mti mdogo uitwao jana-leo-na-kesho, wenye asili ya Amerika Kusini, hufanya kinyume. Ua lake hufunguka la zambarau, likafifia, na kwa siku tatu hivi likawa jeupe.

Haidranjia hufuata udongo. Penye udongo wenye uchachu, mizizi hufyonza madini ya alumini na maua huwa ya buluu. Ukimwaga majivu ya jikoni hapo mara kwa mara, uchachu hupungua na maua huelekea rangi ya waridi.

Sasa turudi kwa mwaridi, maana huo hauwezi kungoja. Miwaridi mingi inayouzwa imeunganishwa: kichipukizi cha mwaridi wenye maua mazuri kimefungwa kwenye shina la mwaridi mwingine wenye mizizi imara. Shina hilo la chini nalo lina uhai wake. Likitoa machipukizi, hukua haraka, hunyang'anya chakula, na hatimaye ule wa juu hufa. Ua halikubadilika rangi. Mmea mwingine umeshika nyumba.

Tafuta kifundo karibu na ardhi, mahali mimea miwili ilipounganishwa. Tawi lolote linalotoka chini ya kifundo ni la mgeni, na mara nyingi majani na miiba yake hutofautiana na ya juu. Fukua udongo mpaka uone lilipoanzia, kisha ling'oe kwa kulivuta hapo hapo. Ukilikata usawa wa ardhi tu, litachipua tena. Fanya hivyo wakati matawi ya juu ya kifundo yangali hai. Yakishakauka yote, hakuna mbolea itakayorudisha maua ya manjano.