Risasi inayoingia mwilini kwa vidole

Bwana mmoja wa miaka arobaini hivi alifika katika kliniki yangu hapa Kitengela akilalamika kwamba tumbo linamsokota na kwamba hupitisha siku nne au tano bila kwenda haja kubwa. Alikuwa amekuja likizo ya miezi mitatu kutoka Texas, Marekani, ambako ni dereva wa malori, akawa anakaa kwa wazazi wake mjini Kajiado. Huko alikuwa ametibiwa homa ya matumbo mara mbili. Mimi nami nilimsikiliza kwa dakika kumi, nikampa dawa ya vidonda vya tumbo na kumwambia apunguze pilipili.

Baada ya wiki mbili alirudi, hali ikiwa ile ile. Safari hii aliandamana na mkewe, na ni mke aliyesema yale ambayo mume aliyanyamazia: kwamba amekuwa mwepesi wa hasira, viungo vinamuuma na usingizi umempotea. Nilimpima nikakuta presha imepanda na damu imepungua kidogo. Ndipo nikamwuliza swali ambalo lilistahili kuulizwa siku ya kwanza: ukitoka kazini, mikono yako hufanya nini?

Alinionyesha picha kwenye simu. Ilikuwa gereji ya nyumba yake, na humo meza, mashine ndogo ya mkono na makopo yaliyojaa maganda ya risasi. Huko sheria inawaruhusu wapenda shabaha kujaza upya maganda yao nyumbani, naye amefanya hivyo kwa miaka sita. (Msomaji asije akavutiwa. Hapa kwetu silaha na risasi zinatawaliwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na leseni ya kumiliki bastola si kibali cha kutengeneza risasi.)

Alinieleza kazi yenyewe kwa furaha ya mtu anayependa jambo lake. Bunduki inapofyatuliwa, ganda la shaba hutanuka. Ili litumike tena ni lazima lisukumwe ndani ya kalibu ya chuma lirudi kipimo chake, na lisipopakwa mafuta hunasa humo kabisa. Kwa hiyo yeye hulipaka kila ganda kwa vidole, mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo. Kisha akaniuliza, "Daktari, ni hayo mafuta yanayoniumiza?"

Mafuta ya sufu hayana sumu hiyo. Watu wachache ngozi yao huyakataa, wakapata upele, na basi. Lakini mafuta hunasa vumbi, na hapo ndipo penye shida. Ile fataki ndogo iliyo kitakoni mwa ganda, ambayo hupigwa ili kuwasha baruti, kwa kawaida hutengenezwa kwa kemikali yenye madini ya risasi. Ikilipuka huacha masizi ndani ya ganda. Mtu anapong'oa fataki kuukuu, na hasa anapoyasafisha maganda kwa kuyazungusha yakiwa makavu mashineni, masizi hayo huwa vumbi laini lisiloonekana. Vumbi hutua juu ya meza, likashika kwenye vidole vyenye mafuta, na vidole vikaenda mdomoni pamoja na sigara, karanga au mkate. Mgonjwa wangu alikuwa akitafuna karanga usiku kucha akifanya kazi. Ongeza na moshi aliouvuta katika viwanja vya shabaha vilivyo ndani ya majengo.

Kiswahili kimetumia neno moja, risasi, kwa madini haya na kwa kile kinachotoka mtutuni. Sisi tumezoea kuiogopa ile ya pili tu.

Damu yake ilipelekwa maabara Nairobi, na majibu yakaonyesha mikrogramu 48 za madini ya risasi katika kila desilita. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2021 kwamba hata mikrogramu 5 zatosha kumfanya daktari atafute chanzo na kukiondoa. Madini haya huudanganya mwili yakachukuliwa kama kalsiamu, yakahifadhiwa katika mifupa kwa miaka mingi. Kwa mtu mzima hupandisha presha, huharibu figo, hufunga choo, hudhoofisha mishipa ya fahamu na kupunguza nguvu ya manii. Mwanamke aliyewahi kuyapata yakajificha mifupani huweza kuyarudisha katika damu anapopata mimba, yakamfikia mtoto tumboni.

Niliposoma majibu hayo sikumfikiria baba tena. Wana binti wa miaka miwili na nusu, ambaye mama alisema hupenda kukaa chini ya meza ya baba akichezea maganda kwa sababu yanang'aa. Mtoto hufyonza madini haya mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na ubongo wake bado unajengwa. Tulimpima. Alikuwa na mikrogramu 9, ingawa alikuwa ameondoka Texas mwezi mzima uliopita. Kwa kumtazama alikuwa mzima kabisa, akikimbia ovyo chumbani mwangu na kuvuta mapazia.

Wazazi waliomba dawa. Dawa za kuyatoa madini haya zipo, lakini kwa watoto tunaanza kuzifikiria kipimo kifikapo 45. Chini ya hapo tiba ni kuondoa chanzo, na kumpa mtoto chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu: maziwa, ambayo Kajiado hayakosi, maharagwe, mboga za majani na nyama. Kile ambacho ubongo umekwisha kupoteza hakirudi, na hilo niliwaambia wazi.

Msomaji atasema haya ni mambo ya Marekani. Sivyo. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014 na kuwadhuru wakazi. Mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo mwaka 2024 baada ya kutenguliwa katika rufani. Nikitembea Kitengela naona vijana wakivunja betri na kuchomelea rejeta za magari kwa mikono mitupu, mdomoni miraa. Jioni hurudi nyumbani wakambeba mtoto kwa shati lile lile.

Kama hiyo ndiyo kazi yako, usile wala kutafuna kitu mahali pa kazi. Vua nguo za kazi kabla ya kuingia nyumbani na zifuliwe peke yake. Usifagie vumbi likiwa kavu. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Najua maji ya visima vyetu ni ya chumvi na sabuni haitoi povu. Basi sugua zaidi, na usinawie katika beseni moja na watoto. Ukienda kwa daktari na tumbo lisilopona, mwambie kazi yako hata asipouliza.

Bwana yule alipimwa tena kabla ya kusafiri, akawa amefika 31 na choo kimefunguka. Ameniambia mashine ameiuza kwa simu. Mkewe anataka zulia la gereji pia litupwe kabla binti hajaingia humo.