Ngitili, Nyasi Zilizofungwa

Ukisikia neno "hifadhi" pengine unafikiria Serengeti tu, na askari wa wanyamapori, na watalii ndani ya magari. Lakini hapa kwetu Usukumani tunayo hifadhi isiyo na geti wala askari mwenye bunduki. Ni ngitili.

Ngitili ni eneo la nyasi na miti linalofungwa mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba au Desemba. Ng'ombe haingii. Hufunguliwa kiangazi kikikolea, Julai au Agosti, malisho ya nje yakiwa yamekwisha. Ziko za kaya na ziko za kijiji.

Darasani tunaulizwa: "Mbona mnafunga wakati nyasi ndiyo tele?" Jibu ni hili. Nyasi changa huota kwa chakula kilichowekwa mizizini. Zikiliwa mapema kila mwaka, mizizi inadhoofika na mbegu hazidondoki. Visiki navyo, usidhani vimekufa. Vingi vina mizizi hai. Chipukizi likipona meno ya mbuzi kwa miaka michache, basi, mti huo. Ndiyo maana ngitili nyingi zimerudi bila watu kupanda miche.

Tunasema zimerudi kwa sababu zilikuwa zimepotea. Wakati wa Waingereza misitu ilifyekwa kwa makusudi kuwafukuza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka. Watu walipohamia vijijini miaka ya 1970, wengi waliziacha ngitili zao mbali. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alitembelea Shinyanga, akaona nchi imekuwa kama jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliodumu mpaka 2004. Ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kupita hekta 300,000.

Nyasi ziliporudi, wenyewe nao wakarudi: kwale, kanga, sungura, digidigi. Wataalamu walihesabu aina 145 za ndege katika ngitili. Dawa za miti shamba, asali, uyoga, nyasi za kuezekea, vyote vikapatikana karibu. Akina mama wakapunguza mwendo wa kutafuta kuni.

Lakini tusidanganyane. Fisi naye karudi. Anajificha kichakani mchana, usiku anakuja kwenye zizi. Na kweleakwelea wanapenda sana kulala kwenye miiba, asubuhi wanaamkia mtama wako. Mzee mmoja alituambia kwa hasira, "Nyie walimu mnatufugisha fisi!" Hatukumcheka, maana aliyepoteza mbuzi ndiye anayejua. Tulichoweza kumshauri ni kuimarisha boma la miiba, kutoacha ndama nje usiku, na kutopanda mtama ukingoni mwa kichaka. Hata hivyo kiangazi ng'ombe wake walikula humo humo.

Tishio kubwa zaidi ya fisi ni shoka. Upande wa Geita wachimbaji wadogo wa dhahabu wanahitaji matimba ya kuzuia mashimo yasibomoke, na miji inataka mkaa. Mwenye ngitili akibanwa na ada ya shule au ugonjwa, anauza miti. Fedha inaisha mwezi ule ule, kisiki kinasubiri miaka.

Zamani ulinzi ulikuwa wa dagashida, mkutano wa wanakijiji wote. Anayeingiza ng'ombe kabla ya siku anatozwa faini, na sungusungu wanasimamia. Penye dagashida yenye nguvu ngitili inapona. Penye faini ya maneno tu, ng'ombe wa wakubwa ndio wanaotangulia kuingia, na hilo tumeliona kwa macho.

Kama kaya yako inakodisha ngitili kwa malisho, chukua daftari. Andika jina la mwenye ng'ombe, idadi yao, siku ya kuingia, siku ya kutoka na fedha mliyokubaliana. Kila mmoja aweke sahihi yake, siyo dole gumba.