Kumi na Wawili Wanahesabiwa, Dakika Hazihesabiwi

Agosti 16, 2023, Kitayosce ya Tabora ilicheza mechi yake ya kwanza kabisa ya Ligi Kuu Bara ikiwa na wachezaji wanane. Haikuwa kadi nyekundu. Wengi wa waliosajiliwa hawakuwa na leseni za kucheza mpaka filimbi inapulizwa pale Chamazi. Azam FC walipachika manne, matatu yakiwa ya Feisal Salum, kabla hata robo ya kwanza ya mchezo kutulia. Kitayosce ikapata majeruhi, ikashuka chini ya saba, na mwamuzi akamaliza mechi kama sheria inavyotaka.

Miezi kumi na tano baadaye, Novemba 7, 2024, klabu ileile, sasa ikiitwa Tabora United, ilirudi kwenye uwanja uleule na kumfunga bingwa mtetezi Yanga mabao 3-1. Wiki moja hivi baada ya hapo kocha Miguel Gamondi hakuwa na kazi Jangwani.

Mashabiki wengi waliusoma ushindi ule kama ushindi wa mapro. Kikosini alikuwamo Heritier Makambo kutoka Kongo, aliyewahi kuvaa jezi ya Yanga, na Yacouba Songne wa Burkina Faso, naye wa Yanga zamani. Lakini tazama waliofunga. Nelson Munganga, Mkongo, alianza. Mawili yaliyobaki yalikuwa ya Offen Chikola, mzawa. Bao pekee la Yanga nalo lilitoka kwa Clement Mzize, mzawa mwingine. Kwa hiyo katika mechi inayotajwa sana kama ushahidi wa nguvu ya wageni, mabao matatu kati ya manne yalifungwa na Watanzania. Sisemi hilo ili kuwabeza wageni. Nasema kwa sababu mjadala wetu wa kila dirisha la usajili unajengwa juu ya hesabu isiyotuambia lolote.

Hesabu hiyo ni ya vichwa. Kanuni ya Ligi Kuu iliruhusu klabu wageni watano, wakawa saba, wakawa kumi, na sasa ni kumi na wawili. Kila timu ya taifa inapoteleza, mtu fulani redioni hudai warudishwe watano. Kila klabu inapofika mbali Afrika, mwingine hudai mlango ufunguliwe wote. Wote wawili wana mifano. Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, Simba ikaifikia mwaka 2025, na hakuna anayeamini kwamba safari hizo zingewezekana bila wageni wa daraja la juu. Upande wa pili, tangu 2018 tuzo ya mfungaji bora imekaa zaidi mikononi mwa wageni: Okwi, Kagere mara mbili, Mayele na Ntibazonkiza kwa pamoja, Aziz Ki, Ahoua. Wazawa waliopenya katikati yao ni John Bocco na George Mpole.

Ila mchezaji hakui kwa kuwa jina lake liko kwenye orodha ya usajili. Anakua kwa dakika za mechi, hasa kati ya miaka 17 na 21, na dakika hizo hazigawanywi sawa kwa nafasi zote. Beki wa kati ana mwenzake. Kiungo ana wenzake wawili. Golikipa yuko peke yake, na kocha hambadilishi kwa sababu amechoka. Klabu ikisajili kipa wa kigeni aliye bora, kama Yanga ilivyofanya kwa Djigui Diarra wa Mali mwaka 2021, mzawa aliye nyuma yake anaweza kumaliza misimu mitatu akipasha misuli. Straika naye yuko karibu na hali hiyo, kwa kuwa timu nyingi siku hizi hucheza na mmoja.

Ndiyo maana sikushangaa kwenye CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani yaliyoandaliwa na Tanzania, Kenya na Uganda Agosti 2025. Kipa aliyesimama langoni mwa Taifa Stars mpaka robo fainali, tulipotolewa na Morocco kwa bao moja, alikuwa Yakoub Suleiman, aliyejijenga JKT Tanzania. JKT ni timu ya jeshi, na timu za majeshi hazisajili wageni. Huko hakukuwa na raia wa Mali wa kumzuia. Kijana alidaka, akakosea, akadaka tena wiki iliyofuata. Simba walikuja kumchukua akiwa ameshaiva.

Hapo ndipo njia ya magharibi inapotupa somo zuri kuliko Dar es Salaam. Ukifuata reli ya kati, ambayo kwa sehemu kubwa inafuata njia ya misafara ya karne ya kumi na tisa, unapita Dodoma, unafika Tabora, na mwisho unagusa ziwa Kigoma. Mwaka 2023 miji miwili ya mwisho ilipanda Ligi Kuu kwa pamoja, kwa mitindo inayopingana. Mashujaa ya Kigoma, timu ya jeshi, ikaja na wazawa watupu. Aprili 2024 ikaitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho la hapa nchini kwa matuta pale Lake Tanganyika. Tabora ikajenga kwa wageni wazoefu na wazawa wachache waliochaguliwa vizuri. Msimu wa kwanza ikaponea mtoano, wa pili ikamfunga Yanga.

Usikimbilie kuitawaza Kigoma, hata hivyo. Kukosa wageni si sawa na kulea. Timu inaweza kuwa na Watanzania ishirini na watano, wote wa miaka 28 na zaidi, waliozunguka ligi nzima kabla ya kufika hapo. Inatimiza uzalendo wa karatasi, na kijana wa Kasulu bado yuko jukwaani. Na mgeni mzuri ni mwalimu asiyelipwa ada. Mzize alitoka timu ya vijana ya Yanga, akapandishwa, na kwa misimu kadhaa akawa anafanya mazoezi kila asubuhi na akina Mayele na Aziz Ki. Msimu wa 2024/25 alimaliza na mabao 14, nyuma ya Ahoua. Kilichomkuza si mazoezi yale peke yake. Alipewa dakika hata alipokuwa anakosa mabao ya wazi na majukwaa yanamzomea, uvumilivu ambao klabu zetu kwa kawaida huuweka akiba kwa aliyenunuliwa kwa dola.

Kuna jambo jingine ambalo Tabora inalijua kuliko pwani: huyo mgeni ni nani hasa? Enzi za Unyanyembe, misafara ikifika Kazeh, Tabora ya leo, ilivunjwa, wapagazi wakalipwa, na wengine wakaajiriwa kuendelea Ujiji na kuvuka ziwa. Wanyamwezi walikuwa wafanyakazi mahiri wa njia nzima, na Mmanyema wa Kongo mjini Tabora si habari. Leo Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na itifaki ya soko la pamoja iliyoanza kutumika mwaka 2010 inazungumzia watu kufanya kazi ng'ambo ya mpaka. Lakini Mkongo akishuka Tabora kucheza mpira anahesabiwa kwenye wale kumi na wawili, sawa na Mbrazil.

Uraia, basi, ni kipimo dhaifu, na kikibanwa hupasuka. Januari 2025 wachezaji watatu wa Singida Black Stars, kutoka Ghana, Guinea na Ivory Coast, walipewa uraia wa Tanzania, na zogo lake likafika mahakamani. Rwanda walipita huko mapema. Timu yao ya taifa ilitegemea sana vipaji vilivyotoka nje, hasa Kongo, hadi Agosti 2014 CAF ilipowaondoa kwenye mbio za AFCON 2015 kwa sababu mshambuliaji waliyemwita Daddy Birori alikuwa na jina jingine na pasipoti nyingine alipochezea AS Vita ya Kinshasa. AFCON hawajaiona tangu 2004.

Ulaya walilazimika kutafuta kipimo kingine, kwa kuwa hukumu ya Bosman ya mwaka 1995 iliwazuia kubagua raia wa nchi za Umoja wao. UEFA ikaja na kanuni ya mchezaji aliyelelewa nyumbani: kwenye orodha ya wachezaji 25, nafasi nane ni za waliofunzwa ndani ya nchi kwa angalau misimu mitatu kati ya miaka 15 na 21, na nne kati ya hizo ni za waliofunzwa na klabu yenyewe. Uraia hauulizwi. Mtoto wa Kikongo aliyekulia Kigoma na kufundishwa Tabora angehesabiwa wa nyumbani. Mtanzania aliyenunuliwa akiwa na miaka 29 asingeisaidia klabu chochote kwenye zile nafasi nne. Mimi naona kanuni hiyo inatufaa kuliko tuliyo nayo.

Wenye timu watauliza: kulea kunalipa nini? Kunalipa, ukiwa na karatasi. FIFA inataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe kwa klabu zilizomfunza mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una robo asilimia ya ada. Kila msimu wa 16 hadi 23 una nusu asilimia. Klabu ya Tabora ikimlea kijana kuanzia msimu wa miaka 14 hadi wa 18, kisha siku moja akauzwa nje kwa shilingi bilioni 1, inastahili milioni 20. Akiuzwa tena nje, inalipwa tena. Mbwana Samatta alitoka Simba kwenda TP Mazembe, kisha Genk, kisha Aston Villa. Kila hatua yenye ada hufungua hesabu ya namna hiyo kwa waliomlea.

Tatizo ni kwamba watoto wetu wengi hulelewa na ndondo na shule, bila kusajiliwa popote. Tabora imekuwa mwenyeji wa michezo ya shule ya UMISSETA na UMITASHUMTA kitaifa mara kadhaa miaka hii. Maelfu ya wanafunzi wamepita mjini hapo wakicheza mbele ya macho ya klabu ya Ligi Kuu. Kijana asiyekuwa kwenye mfumo wa usajili akiwa na miaka 15 hana klabu ya kudai chochote akifika 25. Msimu wa 2025/26 klabu hiyo ikageuka TRA United, chini ya Mamlaka ya Mapato. Taasisi inayomdai mwenye duka risiti ya kila pakiti ya chumvi haiwezi kushindwa kutunza kumbukumbu za watoto.

Chikola naye ameshakwenda Yanga, mwaka huohuo wa 2025. Kwa kuwa mgawo ule wa FIFA hauzilipi klabu za nchi ileile kwa uhamisho wa ndani, waliomfundisha utotoni hawapati kitu. TFF inaweza kulirekebisha hilo kwa kanuni yake yenyewe, kwa kiwango kidogo tu, bila kusubiri Zurich.

Kuhusu idadi, ningewaacha hao kumi na wawili kwa sasa, lakini kwa sharti. Bodi ya Ligi itangaze kila mwisho wa mzunguko dakika ambazo kila klabu imewapa wachezaji wa chini ya miaka 21 waliofunzwa nchini, na za makipa peke yake. Klabu isiyofikisha kiwango ipunguziwe nafasi za wageni dirisha linalofuata, bila kujali ukubwa wa jina lake. Takwimu hizo tayari ziko kwenye ripoti za waamuzi na makamishna wa mechi. Zinahitaji mtu wa kuzijumlisha na ujasiri wa kuzitangaza.