Mbwa Mwitu wa Wolverhampton: Kupanda na Kuporomoka

Usiku wa tarehe 13 Desemba, 1954, watazamaji wapatao 55,000 walijazana katika uwanja wa Molineux, mjini Wolverhampton, Uingereza, kuiona timu yao ikipambana na Honvéd, timu ya jeshi la Hungaria. Waingereza walikuwa bado na kidonda kibichi. Mwaka uliotangulia Hungaria iliifunga Uingereza mabao 6 kwa 3 mjini London, na mwezi Mei, 1954, ikaichapa 7 kwa 1 mjini Budapest. Nahodha wa Uingereza katika aibu zote mbili alikuwa Billy Wright, ambaye ndiye pia aliyeiongoza Wolverhampton Wanderers.

Upande wa wageni alikuwamo Ferenc Puskás, mwenye cheo cha meja. Robo saa haijatimia, Honvéd ilikwisha pata mabao mawili. Lakini meneja wa wenyeji, Stan Cullis, alikuwa ameamuru uwanja umwagiwe maji ingawa mvua ilikwisha nyesha, na kadiri mchezo ulivyoendelea ndivyo tope lilivyowalemea Wahungari waliozoea pasi fupi za chini. Hancocks akafunga penalti, Swinbourne akaongeza mawili, mambo yakaisha 3 kwa 2. Wako watakaoiita hila. Bila shaka Cullis aliiita maandalizi. Waandishi wa Kiingereza wakaitangaza timu hiyo kuwa bingwa wa dunia, na majigambo hayo yakamchochea mwandishi Mfaransa, Gabriel Hanot, kudai mashindano ya kweli baina ya vilabu bingwa vya Ulaya. Yakaanza mwaka 1955.

Klabu hiyo, iliyozaliwa shuleni mwaka 1877 na kuwa miongoni mwa vilabu 12 vilivyoianzisha Ligi mwaka 1888, ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1954, 1958 na 1959, na Kombe la FA mwaka 1960. Mwezi Septemba, 1964, baada ya miaka 30 ya utumishi wa Cullis, kwanza kama mchezaji na kisha kama meneja, wakurugenzi walimfukuza. Shukrani ya punda ni mateke. Msimu huo huo timu ikateremka daraja.

Ilirejea juu, ikapata na Kombe la Ligi mwaka 1974 na 1980. Kilichoiua kwa hakika si mpira, bali deni. Mwaka 1979 lilifunguliwa jukwaa jipya lililogharimu mamilioni ya pauni, nao watazamaji wakaanza kupungua. Mwaka 1982 klabu iliponea chupuchupu kufilisiwa. Wamiliki wapya walitaka kujenga duka kubwa kando ya uwanja. Waliponyimwa kibali, wakafunga mikoba yao. Ndipo timu ikaporomoka mara tatu mfululizo, mwaka 1984, 1985 na 1986, kutoka daraja la kwanza hadi la nne. Baada ya moto wa uwanja wa Bradford mwezi Mei, 1985, ambamo walikufa watu 56, majukwaa mawili ya zamani ya Molineux yalifungwa, na mashabiki waliosalia wakatazama mpira katika uwanja nusu gofu.

Mwaka 1986 halmashauri ya mji iliununua uwanja, na madeni yakalipwa. Hata hivyo mwezi Novemba timu hiyo ilitolewa katika Kombe la FA na Chorley, klabu isiyokuwamo hata katika Ligi.

Mwezi huo huo alisajiliwa kijana Steve Bull, ambaye majirani zao wa West Bromwich Albion hawakumthamini sana. Aliwafungia mabao 306. Timu ilipanda daraja mwaka 1988 na tena mwaka 1989, naye Bull akaitwa kuichezea Uingereza angali mchezaji wa daraja la tatu.

Klabu iliporomoka tena mwaka 2012 na 2013, ikapanda mwaka 2014, na mwaka 2018 ikarudi ligi kuu. Lile jukwaa la mwaka 1979 lililoizamisha katika madeni lingalipo. Tangu mwaka 2003 linaitwa kwa jina la Steve Bull.