Ukoko Mweupe Bombani

Bomba la kutilia udhu likishika ukoko mweupe, tusiukwangue kwa kisu. Huo si uchafu, bali ni jamii ya chokaa iliyoyeyuka katika maji magumu, ikabaki maji yalipokauka. Dawa yake ni uchachu. Sisi wa Matai, wilayani Kalambo, tukikosa siki, ndimu ya sokoni yatosha: tuloweshe kitambaa, tukizungushie bombani kwa saa moja, kisha tusugue taratibu na kusuuza sana.

Lakini tahadhari! Siki au ndimu isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwani hutoka hewa ya sumu iumizayo mapafu. Na tujitwaharishe bila ya kujidhuru.