Kitufe cha theluji katika matope ya Usukuma

Ukipata nafasi leo, ingia katika gari dogo la Kijapani la otomatiki, mojawapo ya yale yanayoletwa nchini yakiwa yametumika. Tazama karibu na mkono wa gia. Mara nyingi utakuta kitufe kilichoandikwa SNOW, yaani theluji. Wiki iliyopita msikilizaji mmoja wa Kirumba aliniuliza kitufe hicho kina kazi gani hapa Mwanza, mahali ambapo theluji tunaisikia tu ikitajwa pamoja na Kilimanjaro. Nilimjibu redioni kwamba kazi ipo, na kwamba anayekielewa kitufe hicho amekwisha kuelewa nusu ya elimu ya kuvuka matope. Leo nayarudia maelezo yale kwa maandishi, kwa ajili ya wale ambao umeme uliwakatikia katikati ya mazungumzo.

Magari haya yalitengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe kabla hayajawa yetu. Kule Hokkaido, na katika mikoa ya Japani inayoelekea upande wa bara la Asia, theluji ya majira ya baridi hurundikana hata kupita kimo cha mtu. Ndiyo sababu hata magari ya kwendea sokoni hutengenezwa yakiwa na uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne, yale ambayo mafundi wetu huyaita fowili. Kitufe cha SNOW nacho, katika magari mengi, hulizuia gari lisiondoke kwa gia ya kwanza. Linaondoka kwa gia ya pili, polepole, nguvu inayofika kwenye tairi ikiwa imepunguzwa.

Hapo ndipo wengi hushangaa. Gari limekwama, nasi tunalipunguzia nguvu? Ndiyo, kwa sababu mahali penye utelezi, injini huwa na nguvu kuliko inayohitajika. Kinachokosekana ni mshiko, yaani ule uwezo wa tairi kuishika ardhi bila kuserereka. Tairi likianza kuzunguka bure juu ya theluji, huiyeyusha na kuisugua mpaka inakuwa barafu laini kama kioo. Likizunguka bure juu ya matope, huyapaka yakang'aa kama sakafu iliyotiwa nta. Likizunguka bure kwenye mchanga wa pwani ya ziwa, hujichimbia shimo. Kote huko dereva hukanyaga mafuta zaidi, na kote huko hali yake huwa mbaya zaidi.

Sasa tuje kwenye fowili yenyewe, maana watu hulipia fedha nyingi kwa ajili ya neno hilo lililobandikwa nyuma ya gari. Fowili haiongezi mshiko hata chembe. Inachofanya ni kuzigawa nguvu za injini kwa magurudumu manne badala ya mawili, ili kila tairi lidaiwe kidogo. Tena mgawanyo huo una kasoro yake. Katikati ya kila jozi ya magurudumu kuna difu, ambayo huyaruhusu magurudumu ya kulia na kushoto yazunguke kwa kasi tofauti wakati wa kukata kona. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa. Fikiria watu wawili waliobeba mzigo kwa mti mmoja mabegani: mmoja akikosa pa kukanyaga, uimara wa mwenzake hausaidii kitu. Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakipoteza mshiko, gari la fowili husimama palepale, mawili yakizunguka hewani na mawili yaliyo juu ya ardhi ngumu yakitazama tu. Ndiyo maana magari ya kazi nzito huwekewa kufuli ya difu.

Na kwenye kusimama, fowili haina msaada wowote. Kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, liwe la fowili au lisiwe. Katika nchi za theluji, mwenye fowili huondoka vizuri kuliko wenzake, akajiona bingwa, kisha akafika kwenye kona na kugundua kwamba hawezi kusimama kuliko wenzake. Huku kwetu mitaro ya barabara inao mashahidi wa kutosha.

Anayebisha na atazame historia ya mbio za Safari Rally, zilizoanza mwaka 1953. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, mvua na matope viliyamaliza magari hata yakafika mwisho saba tu kila mara. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404, gari la familia linalosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma. Gari la kuendesha magurudumu yote manne lilikuja kushinda mbio hizo mwaka 1987, nalo lilikuwa Audi. Kwa zaidi ya miaka thelathini matope ya Afrika Mashariki yalishindwa na watu waliojua waweke tairi wapi.

Na hapo kwenye mahali pa kuweka tairi, Usukuma una somo lake. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alieleza mwaka 1935 kwamba udongo wa Afrika Mashariki hujipanga kwa mfuatano kutoka kilimani hadi bondeni. Mfuatano huo aliupa jina la Kilatini, catena, maana yake mnyororo, na wataalamu wa dunia nzima hulitumia mpaka leo. Mkulima wa Kwimba au Magu alilijua jambo hilo bila Kilatini. Juu kuna mawe, chini yake kwenye mteremko kuna mchanga wanaouita luseni, na kule bondeni kabisa kuna udongo mweusi wa mbuga.

Dereva anayesoma rangi ya ardhi ana faida kubwa. Luseni ikilowa huwa ngumu kidogo, gari linapita. Udongo wa mbuga ni kinyume chake. Kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono unazama, na mvua ikinyesha hunywa maji, huvimba na kunata. Hung'ang'ania tairi mpaka mifereji yake yote inajaa, likawa kama tairi kipara. Kisha hupanda ndani ya madigadi, ukakaza mpaka gurudumu lenyewe haliwezi kugeuka. Wanaotumia lango la Ndabaka kuingia upande wa magharibi wa Serengeti wanaujua udongo huu. Mvua ya saa moja inatosha kuwalaza njiani.

Niliwahi kuona kwa macho yangu gharama yake. Miaka kadhaa iliyopita niliomba nafasi katika gari la kukodi lililokuwa linampeleka mama mjamzito Bugando, kutoka kijiji kimoja nje ya Ngudu. Uchungu ulikuwa umemshika tangu usiku. Gari lilikuwa la fowili, tairi zake nzuri, na dereva aliliamini. Tulipoteremka bondeni aliona maji yametanda barabarani, akaongeza mwendo. Tulifika katikati, magurudumu yakaanza kuzunguka bure, naye akakanyaga mafuta mpaka tumbo la gari likalala juu ya tope. Mama yule alikuwa kimya nyuma, ameng'ata ncha ya kitenge chake.

Mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe alitusogelea. "Shikamoo mzee," dereva alisema, mguu bado uko kwenye mafuta.

"Marahaba. Zima gari, mwanangu. Unalizika."

Mzee alituma vijana wakalete maksai. Wakati tunawasubiri, alituamuru tuchimbe tope lililokuwa mbele ya magurudumu na lile la chini ya tumbo, tutandike matawi na mabua, kisha tuondoe tope kwenye madigadi kwa mikono. Maksai wanne walipofungwa, alimwambia dereva aweke gia ya pili, aachie klachi taratibu, asikanyage kitu. Gari lilitoka kama mtu anayeamka usingizini. Tulikuwa tumepoteza saa tatu. Tulifika Bugando gizani, na mama alijifungua salama kabla ya alfajiri.

Gia ya pili, bila kukanyaga: ndicho kitufe cha SNOW hicho, kikitamkwa na mtu ambaye pengine hajawahi kukiona.

Kwa hiyo, ufikapo mahali pabaya, teremka kwanza. Pita kwa miguu ukiwa na fimbo, utafute chini pana nini. Viatu vitachafuka; afadhali viatu. Fowili iwekwe kabla ya kuingia, maana kuiweka ukiwa umekwisha kuzama ni kuchelewa. Kama gari lina mkono wa pili wa gia wenye herufi H na L, L ndiyo ya mahali pazito, pamoja na gia ya pili. Ingia kwa mwendo wa wastani usiobadilika, wala usibadili gia katikati. Ukiona gari linapunguza mwendo na magurudumu yanazidi kuzunguka, acha mafuta, rudi nyuma kwa njia uliyopita wakati bado inakubali.

Juu ya upepo wa tairi kuna jambo la kuangalia. Waendeshaji wa Aisilandi, wanaovuka theluji ya kina kirefu, hutumia matairi mapana ajabu na kuyapunguza upepo hadi chini ya paundi 5, yakalala bapa na kuelea juu ya theluji. Theluji hukubali kushindiliwa. Ukiikandamiza inakuwa njia. Mchanga wa ufukweni nao husaidika kwa namna hiyo: kushusha kutoka paundi 30 hadi 18 kunaweza kukutoa bila kusukumwa. Usishuke sana, maana matairi yetu ya kawaida huweza kuchomoka kwenye rimu. Lakini tope la mbuga halishindiliki, maji yake hayana pa kwenda, kwa hiyo hapo kupunguza upepo kunasaidia kidogo tu. Kwenye mbuga kinachosaidia zaidi ni minyororo ya kufunga kwenye tairi, ile ambayo Mmarekani Harry Weed aliipatia hataza mwaka 1904, akiwafikiria madereva waliokwama kwenye theluji na matope. Sijui kwa nini imekuwa adimu katika maduka yetu ya vipuri.

Wakati wa kuvutwa, watu wote wakae mbali na kamba. Kamba ya waya ikikatika hurudi kama upanga, nayo haichagui. Tupieni juu yake koti zito au gunia lenye mchanga, ili ikikatika ianguke chini. Na kama bomba la moshi limezama kwenye tope, injini isiachwe ikinguruma huku watu wamefunga vioo kwa sababu ya mvua. Moshi utaingia ndani, na sumu yake haina harufu. Katika nchi za theluji watu hufa hivyo kila mara, wakiwa wameketi wakisubiri msaada.

Maji yaendayo kasi ni habari nyingine kabisa, na hapo ushauri wangu ni mfupi: usiingie. Mto Simiyu au Duma ukifurika, au hata Mirongo hapa mjini, maji ya sentimita 30 huweza kulisukuma gari dogo, na ya sentimita 60 huyabeba magari mengi, ya fowili yakiwemo. Gari likianza kuelea, magurudumu manne ni sawa na hakuna.

Ukishatoka salama, bado kuna kazi. Jaribu breki mara kadhaa kwa mwendo mdogo, maana zina tope. Ondoa tope lililo ndani ya rimu, la sivyo usukani utatetemeka njia nzima na utamlaumu fundi bure. Ufikapo lami, pale Hungumalwa kwa mfano, ikiwa fowili yako ni ile ya kuweka kwa mkono, itoe, kwa sababu kwenye ardhi kavu hukaza ekseli na kuvunja meno ya gia. Kisha tafuta pampu ujaze upepo uliokuwa umeutoa, kabla hujaanza kukimbilia Mwanza.