Tope Linalojua Kuzama

Je, wajua kwamba kinachosafisha majitaka ya miji mingi mikubwa duniani ni tope? Ni tope la hudhurungi, na likiwa na afya hunukia udongo uliolowa mvua. Liko hai. Tia tone lake chini ya darubini utaona mabonge ya bakteria walioshikana, na kandokando yao vijidudu wenye umbo la kengele, kila mmoja juu ya kikonyo chake, wakiwavuta vinywani bakteria wanaoelea peke yao. Mlo wao huo ndio unaoyang'arisha maji.

Tope hili lilifahamika Manchester, Uingereza. Edward Ardern na William Lockett, wakemia wa mtambo wa Davyhulme, walitia majitaka kwenye chupa zilizozibwa mwanga, wakapuliza hewa. Mara ya kwanza amonia yote ilichukua kama wiki 5 kugeuka naitreti. Badala ya kumwaga masimbi yaliyobaki chini, waliyaacha, wakaongeza majitaka mapya juu yake, kama mtu anavyobakiza mtindi kidogo kibuyuni ili ugandishe maziwa ya kesho. Kila awamu muda ukapungua, hadi kazi ya wiki 5 ikamalizika ndani ya siku moja. Mwaka 1914 wakatangaza matokeo yao.

Lakini kula uchafu ni nusu tu ya kazi. Likishashiba, tope lazima lijitenge na maji, na hapo ndipo mitambo mingi hukwama. Kipimo chake ni rahisi mno: silinda ya kioo ya lita 1, tope likajazwa, ukasubiri dakika 30. Mstari hujichora kati ya maji meupe juu na tope chini, kisha hushuka polepole. Gawanya mililita za tope lililotulia kwa gramu za tope kavu zilizomo katika lita ile. Jibu likikaribia 100, lala usingizi. Likipita 150, anza kuhangaika: bakteria wa nyuzinyuzi wametawala, tope limeumuka kama unga wa maandazi, na karibuni litafurika pamoja na maji kwenda mtoni. Mimi nakipenda kipimo hiki kuliko vyote. Kile maarufu cha oksijeni inayotumika kuvunja uchafu hutaka siku 5, na siku 5 ni nyingi kwa samaki.

Kwa kuwa tope huzama kwa kujivuta, wahandisi hujenga matangi makubwa ya kutulizia, na ardhi ya mjini ni ghali. Huko Delft, Uholanzi, Mark van Loosdrecht na wenzake walishughulika na tope lenyewe. Majitaka huingizwa tangini kutoka chini pasipo hewa, wakati unaowafaa bakteria wa mwendo wa pole wanaoweka akiba ya chakula mwilini. Kisha hewa hupulizwa. Mwisho tope hupewa dakika chache tu za kutulia, na linalochelewa hutolewa nje. Baada ya miezi hubaki punje ngumu, ndogo kama ulezi.

Ndani ya punje moja mna mji mzima. Ganda la nje lina oksijeni, na humo amonia hugeuzwa naitreti. Kiini hakina, na humo naitreti hugeuzwa gesi ya naitrojeni inayorudi angani. Bakteria wale wa akiba hufyonza fosforasi. Naitrojeni na fosforasi ndiyo rutuba inayonenepesha magugumaji ya Ziwa Victoria, kwa hiyo kuziondoa si anasa.

Teknolojia hii ilianza kusafisha majitaka ya mji wa Gansbaai, Afrika Kusini, mwaka 2009, kisha Epe, Uholanzi, mwaka 2012. Hutosheka na eneo dogo zaidi, hata robo ya lile la kawaida, na hupunguza umeme. Mimina punje hizo kwenye silinda ile ile ya lita 1: dakika 5 tu, mstari umeshasimama pale ambapo ungeukuta baada ya dakika 30.